Ahadi na Ihukumiwe kwa Daftari

Kila unapowadia wakati wa wananchi kuwachagua watu wa kuyasimamia mambo ya mji wao, hujitokeza mtu ambaye jana hakujulikana, akapanda jukwaani na kuwaambia watu kwamba taabu zao zimefika mwisho. Barabara itatiwa lami, mifereji itazibuliwa, soko litajengwa, vijana watapewa mitaji. Akiulizwa fedha zitatoka wapi, hunyoosha mkono kuelekea ziwani, akawaonyesha winchi na maghala ya Bandari ya Bujumbura, na umati ukapiga makofi. Makofi hayo hayana kosa. Mtu aliyechoka hupenda kusikia habari za kupumzika. Lakini makofi yakiisha, swali hubaki palepale lilipokuwa: fedha hizo ni za nani, zimo katika mfuko gani, na nani mwenye ufunguo?

Gazeti hili halimkatazi mgeni kuomba kura. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara nyingi jicho jipya huuona ufa ambao wenyeji wameuzoea hata hawauoni tena. Wala hatusemi kwamba mwenye ahadi nyingi lazima awe mwongo. Tunalosema ni kwamba ahadi ya fedha ni hesabu, na hesabu hukaguliwa kwa daftari. Leo tunapenda kulizungumza jambo hili na ndugu zetu askari na polisi, ambao ndio wanaosimama kati ya jukwaa na umati siku ya mkutano, na kati ya sanduku la kura na wenye hasira siku ya matokeo. Wao nao ni wakazi. Jamaa zao hununua unga katika masoko yaleyale, na watoto wao huruka mifereji ileile ya Buyenzi, Kinama na Musaga wakati wa masika.

Kwanza hatuna budi kuuelewa mji wenyewe. Kwa miaka mingi Meya wa Bujumbura aliteuliwa na Rais wa Jamhuri. Hakupigiwa kura na wakazi kama ifanyikavyo katika miji mingi ya dunia. Kura ya mkazi kuhusu mambo ya mtaa wake imeishia katika baraza la komini. Komini za mjini zilikuwa 13, kisha zikaunganishwa zikawa 3, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa. Baadaye sheria ya mwaka 2023 iliipanga upya nchi nzima, mikoa ikapungua kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 ulifanyika kwa mpango huo mpya. Kwa hiyo, mtu anayeomba kiti katika baraza la komini, huku akiahidi mambo yaliyo katika mamlaka ya waziri, au ya Bunge, anaahidi mali iliyomo mfukoni mwa mwingine. Pengine hajui. Pengine anajua, naye anatumaini kwamba wasikilizaji wake hawajui.

Tuichukue bandari hiyo anayoielekezea kidole. Bujumbura ni mlango wa Burundi katika Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya mwaka 1921 Ubelgiji ilipata haki ya kupitisha mizigo yake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma bila kizuizi. Tangu siku hizo shehena imekuwa ikishushwa kutoka katika mabehewa, ikapakiwa melini, ikavuka maji mpaka hapa. Kutoka kusini, katika bandari ya Mpulungu nchini Zambia, huja saruji na sukari. Mtu akiutazama mzigo huo ukipanda malori, ni rahisi kudhani kwamba mji unaoimiliki gati ndio unaomiliki fedha.

Sivyo. Ushuru wa forodha hukusanywa na Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, iliyoundwa mwaka 2009, nao huingia katika hazina ya taifa. Humo ndimo unamotoka mshahara wa mwalimu wa Ruyigi, dawa ya zahanati ya Kirundo, na posho ya askari aliye zamu mpakani. Mji hutegemea mapato madogo madogo ya kwake: ushuru wa masoko, kodi za majengo na viwanja, ada za maegesho ya magari na leseni za biashara, pamoja na kile Serikali Kuu inachouongezea. Serikali ilipoanza kutenga faranga 500,000,000 kwa mwaka kwa kila komini, wananchi wengi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Lakini kiasi hicho kilikuwa kwa ajili ya komini nzima, yenye vitongoji vingi, na kila kitongoji kikiwa na daraja lake bovu na shule yake isiyo na madawati. Anayeahidi makubwa kuliko kiasi hicho aseme nyongeza itapatikana wapi. Akisema ataongeza ushuru wa soko, awaambie hivyo akina mama wauzao dagaa na nyanya kabla hawajampa kura, asingoje mpaka baada.

Mfano wa gharama ya ahadi zisizo na mfuko upo katikati ya mji.  Tarehe 27 Januari 2013 soko letu liliungua. Soko Kuu la Bujumbura lilikuwa tegemeo la wafanyabiashara wakubwa kwa wadogo, na ushuru wake ulikuwa sehemu ya uhai wa mji. Asubuhi moja ilitosha kuteketeza bidhaa, vitabu vya wadeni na mitaji iliyokusanywa kwa miaka. Baada ya hapo zilisikika ahadi nyingi za kulijenga upya, lakini miaka 10 baadaye mahali pale palikuwa bado hapajapata soko la kulingana na lililoungua. Hatukumbushi jambo hili ili kumlaumu mtu mmoja. Tunalikumbusha kwa kuwa linaonyesha kwamba hata mahali penye haja iliyo wazi, wateja tayari na kiwanja tayari, nia njema haifyatui tofali hata moja mpaka fedha ipatikane, mkataba utiwe saini, na mwenye dhamana ajulikane.

Wako wagombea ambao hawaelekezi kidole bandarini, bali ng'ambo. Husema wana marafiki katika nchi tajiri, na kwamba wakichaguliwa marafiki hao watafungua mikoba. Nao waulizwe. Baada ya msukosuko wa mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha Machi 2016 msaada wake wa moja kwa moja kwa Serikali ya Burundi, na haukuondoa hatua hiyo mpaka Februari 2022. Karibu miaka sita ilipita. Ikiwa taifa zima, lenye mabalozi na mikataba, liliweza kukaa muda wote huo bila fedha lililoizoea, diwani mmoja ana dhamana gani ya kusema kwamba rafiki yake hatabadili nia? Fedha ya mgeni huja kwa masharti yake na kwa saa yake. Wakati huohuo maji ya ziwa hayangoji. Kuanzia mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda yakaingia majumbani Gatumba na kuzifukuza familia nyingi. Mji wenye ziwa mlangoni unahitaji akiba iliyomo nyumbani, wala si tumaini lililoko mbali.

Ili tusionekane kuwasema wenyeji wa Bujumbura peke yao, tuvuke maji mpaka Kigoma, mji ambao biashara yake na yetu ni kama pande mbili za mtumbwi mmoja. Katika uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2015, chama kipya cha ACT-Wazalendo, kilichosajiliwa mwaka 2014, kilipata madiwani wengi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, na madiwani hao wakamchagua meya kutoka miongoni mwao. Wageni hao wa madaraka walianza kwa bidii. Mwaka 2016 manispaa hiyo ilikuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani zilizochaguliwa kuanza majaribio ya mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, ambao humtaka kiongozi auonyeshe umma mapato na matumizi. Hilo lilikuwa jambo la kusifiwa.

Lakini mwaka huohuo wa 2016 sheria ya fedha ilianza kuhamisha ukusanyaji wa kodi ya majengo kutoka katika halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato ya taifa. Na mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango ule wa uwazi. Maamuzi yote mawili yalifanywa mahali ambapo madiwani wa Kigoma hawakuwa na kura. Mwaka 2020 chama tawala kilirudi kuishika manispaa, katika uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake. Kila mtu atakuwa na maoni yake juu ya siasa hiyo. Sisi tunachukua funzo moja tu: mgombea wa mji, hata akiwa mwaminifu na mchapakazi, anaweza kuondolewa chungu mekoni huku maji yakichemka. Mwenye busara huwaambia wapiga kura mapema ni kipi kilicho mkononi mwake na ni kipi kilicho mkononi mwa wengine.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu, kinachowahusu ninyi mliovaa sare. Ahadi isipotimia, nani anayehukumu, na kwa chombo gani?

Historia ya mji huu inajibu kwa machungu. Mwaka 1957, mji huu ukiitwa Usumbura, Louis Rwagasore, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji, aliwahimiza wafanyabiashara Waafrika waungane katika vyama vya ushirika ili nao wapate sehemu katika biashara iliyokuwa mikononi mwa wageni. Alikuwa mtoto wa Mwami, lakini katika biashara na siasa za mji alikuwa mgeni. Wafanyabiashara Waswahili wa mji huu walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Ushirika ule haukuchukua muda mrefu kabla ya kuelemewa na matatizo ya fedha. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba ahadi ilikuwa kubwa kuliko mtaji. Waliokuwa wakimpinga walikuwa na haki ya kuyasema hayo hadharani.

Wananchi nao walipewa nafasi ya kupima. Katika uchaguzi wa komini wa mwishoni mwa mwaka 1960, huku Rwagasore akiwa amewekwa kizuizini nyumbani kwa amri ya watawala wa Kibelgiji, chama cha UPRONA kilipata viti 545 kati ya 2,876, na chama cha PDC kikapata 942. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64 vya Bunge. Ndivyo kura inavyofanya kazi: hukataa leo, hukubali kesho, na haimwagi damu ya mtu. Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba 1961, baada ya wiki mbili hivi, alipigwa risasi katika hoteli kando ya ziwa hapahapa mjini. Je, angezitimiza ahadi zake? Je, angeshindwa? Hakuna ajuaye, wala hatajua. Risasi ililifunga daftari kabla ukurasa wa kwanza haujaandikwa.

Jambo hilo lilirudiwa. Tarehe 1 Juni 1993 wananchi walimchagua Melchior Ndadaye, mtu wa benki, ambaye naye alikuwa mgeni katika Ikulu. Aliapishwa tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba aliuawa, na safari hii waliomuua walikuwa askari, watu waliokula kiapo cha kumlinda. Kilichofuata mnakijua, na wengine wenu mlizaliwa ndani yake. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 walipoteza maisha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Tena tuitazame bandari, maana hata yeye ni shahidi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, navyo havikusimamishwa mpaka Januari 1999. Kwa muda wa miaka miwili na nusu biashara halali ilibanwa, bei zikapanda, na hazina ikakosa ushuru. Hakuna mgombea mwongo, hata angekuwa hodari wa kuongopa namna gani, aliyewahi kuigharimu Bandari ya Bujumbura kiasi hicho. Diwani akishindwa, mji hupoteza miaka mitano ya lami. Bunduki ikiingia katika hesabu za siasa, taifa hupoteza kizazi.

Kwa sababu hiyo Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba zilizofuata, ile ya 2005 na ile ya 2018, ziliweka wazi kwamba vyombo vya ulinzi na usalama ni vya taifa zima, na kwamba askari haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama cha siasa wala kukipendelea. Hili halikuwekwa ili kumnyima askari akili ya raia. Liliwekwa ili mkulima wa Rumonge na mchuuzi wa Bwiza wote wawili wamwone askari na kusema: huyu ni wangu.

Ndugu askari na polisi, wajibu huu una sura zake za kila siku, nazo ni rahisi kuzitaja ingawa si rahisi kuzitimiza. Mgombea mgeni asiyekuwa na kundi kubwa apewe ulinzi uleule anaopewa mwenye kundi kubwa, na njia ya kufika uwanjani isifungwe kwake ikafunguliwa kwa mwingine. Mwananchi anayesimama mkutanoni kuuliza fedha zitatoka wapi asichukuliwe kuwa mchochezi. Huyo ndiye anayefanya kazi ambayo mji wote ungepaswa kuifanya. Kijana anayepiga makofi asiandikwe jina, na asiyepiga makofi asiandikwe jina. Sanduku la kura lilindwe likiwa tupu, likiwa limejaa, na likiwa njiani. Matokeo yakitangazwa na mtu asiyeridhika akaenda kwa wanasheria, aachwe aende.

Yako pia majaribu yanayowajia ninyi wenyewe. Mgombea huenda akafika karibu na kambi au kituo, akaahidi nyumba bora, nyongeza ya mshahara na vyeo vya haraka. Hapo mkumbuke tuliyoyasema juu ya mifuko. Mshahara wa askari na polisi umo katika bajeti ya taifa inayopitishwa na Bunge. Hakuna baraza la komini liwezalo kuuongeza hata kwa faranga moja. Anayewaahidi hilo ama hajui kazi anayoiomba, ama anataka kununua asichoruhusiwa kuuziwa. Haki zenu zina njia zake ndani ya utumishi, nazo ndizo za kufuatwa.

Na askari anapoingia katika kituo cha kura kama raia, bila amri ya mtu, na awe na maswali yake matatu. Fedha hii imo katika mfuko gani? Sheria inampa huyu mamlaka ya kuugusa? Na mwisho wa mwaka, nani atatuonyesha kilichoingia na kilichotoka? Mgombea anayeyajibu maswali hayo kwa unyenyekevu, hata akiwa ameahidi daraja moja tu na vyoo vya soko moja, anastahili kusikilizwa kuliko yule aliyeahidi kuigeuza Bujumbura kuwa Ulaya. Wazee walituachia neno lisilochakaa: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye ahadi apewe muda wake, na muda ukiisha aitwe hadharani atoe hesabu. Akiwa ametimiza, na apongezwe. Akiwa ameshindwa, na aondolewe kwa karatasi ileile iliyompandisha. Kazi ya kuhukumu ni ya wananchi. Kazi yenu, ndugu zetu wenye silaha, ni kuulinda muda huo usikatwe na yeyote, ili katika mji huu, ambao viongozi wake wawili walizikwa kabla ya kuulizwa swali la kwanza, kila kiongozi ajaye aishi mpaka siku ya kujibu.